Pai za nyama zisizo na ngano: zikikugomea, anza hapa

Kila Jumamosi simu yangu hujaa picha za pai zilizopasuka. Wanaonitumia wengi ni mama wenye watoto waliokatazwa gluteni, na wachache ni watu wazima waliogunduliwa wakiwa wameshateseka na tumbo kwa miaka. Mimi niliingia kwenye mambo haya kwa sababu ya binti wa kaka yangu. Alipimwa akakutwa na siliaki, ugonjwa ambao gluteni huudhuru utumbo, akiwa na miaka tisa, na kitu alichokililia kuliko vyote kilikuwa pai za nyama, zile za nusu mwezi tunazozipanga kwenye sinia wakati wa futari na kwenye shughuli.

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Mchele, muhogo, mahindi, mtama, ulezi na uwele havina. Kwa hiyo ukiiondoa ngano, lazima kitu kingine kishike kazi yake, na matatizo mengi ninayoletewa yanaanzia hapo: mtu anaukanda unga wa mchele kama anakanda chapati, halafu anashangaa haumtii.

Kipimo ninachokizungumzia hapa ni hiki, cha pai kumi na mbili: unga laini wa mchele gramu 200, wanga wa muhogo gramu 100, isabgol vijiko viwili vya chakula, chumvi kijiko kimoja cha chai, siagi gramu 80, maji yanayochemka mililita 150 (weka nyingine 30 pembeni), na yai moja. Ndani ni nusu kilo ya nyama ya kusaga. Isabgol ni yale maganda mepesi ya mbegu yanayouzwa maduka ya dawa kwa watu wanaopata choo kigumu. Yakiguswa na maji yanavimba na kuwa kama uji wa bamia, na ule utelezi ndio unaoshika donge.

Donge linakatika ukilisukuma

Hili ndilo linaloongoza, na sababu yake ya kwanza karibu kila mara ni maji. Binti huyo huyo, sasa ni mkubwa anajipikia, aliniandikia mwezi uliopita.

"Shangazi shikamoo. Donge linakuwa kama mchanga wa ufukweni, nikilikunja tu linamong'onyoka."

"Marahaba mwanangu. Maji uliyatoa wapi?"

"Kwenye chupa ya chai. Yalikuwa ya moto kabisa."

Hapo hapo. Chembe za wanga huanza kuvimba na kunata zikifikia nyuzi 60 hadi 70 hivi. Unga uliokaa kabatini hapa Dar una nyuzi 30. Ukiumwagia maji yanayotokota, mchanganyiko unatulia karibu na nyuzi 65, yaani umefika pale pale unapotakiwa. Maji ya chupa yaliyokaa tangu asubuhi, hata kama yanaunguza ulimi, yakikutana na unga huo yanashuka chini ya 60, na wanga unabaki umelala. Yeyusha siagi ndani ya maji jikoni, subiri yachemke kwa mapovu makubwa, kisha mimina yote kwa mkupuo mmoja huku ukikoroga na mwiko. Yai lisubiri mpaka uweze kugusa donge kwa mkono, la sivyo litaiva humo humo.

Kama maji yalikuwa sawa na bado linakatika, uliza kama lilipumzika. Isabgol haifanyi kazi papo hapo. Funika donge kwa kitambaa kibichi dakika 30. Likitoka hapo likiwa kavu, ongeza yale maji ya pembeni kijiko kimoja kimoja.

Kisha angalia unga wenyewe. Chukua kidogo usugue kati ya vidole viwili. Ukisikia chenga, unga ni mnene, na chenga zile hazinywi maji kwa wakati, ndizo zinazopasua donge. Njia yangu ni kuosha mchele, kuumwaga kwenye kitambaa kivulini hadi uwe na unyevu kidogo tu, kuusaga kwenye mashine ndogo ya viungo, na kuuchekecha kwa chekecheke la macho madogo. Mchele wenye unyevu kidogo husagika laini kuliko mkavu. Unga huo utumie siku hiyo hiyo, maana ukiufungia na unyevu wake utaota ukungu.

Sababu ya mwisho haitokei mara nyingi, lakini inachanganya watu: umenunua unga wa muhogo badala ya wanga wa muhogo. Unga ni muhogo mzima uliokaushwa ukasagwa, pamoja na nyuzinyuzi zake. Wanga ni ule unga mweupe unaotuama chini ya maji muhogo ukikunwa na kukamuliwa, na ukiubana kwa vidole unalia kama theluji ya friza. Vyote ni vyeupe, vyote vinaitwa unga na muuzaji. Bana kwanza, nunua baadaye.

Hata donge zuri halipendi kibao kikavu. Mimi nasukuma kati ya vipande viwili vya mfuko wa sukari wa kilo mbili uliooshwa na kukatwa pembeni, unene wa milimita tatu, nakata kwa kisahani cha kikombe cha chai, naweka nyama, kisha nakunja kwa kuinua nailoni yenyewe. Mkono haugusi donge mpaka wakati wa kubana kingo.

Halafu kuna wale wanaofuata mapishi ya ng'ambo yanayosema siagi iwe ya baridi, ukatekate ndani ya unga. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35. Jiko la Dar mwezi wa pili saa nane mchana liko hapo hapo. Usijitese na njia hiyo, ya maji ya moto inatosha.

Pai inapasuka ikiwa jikoni

Nyama ina maji. Nyama ya kusaga ya buchani, hasa ikiwa imekaa kwenye friza, hutoa maji mengi, na maji yale yakigeuka mvuke yanatafuta njia ya kutokea. Kaanga kwa sufuria pana, moto mkubwa, bila mfuniko, mpaka usikie sauti inabadilika kutoka kutokota kwenda kukaangika. Kitunguu kiingie mwishoni kilainike kidogo tu, maana nacho ni maji matupu. Nyanya usiweke kabisa. Ukipitisha mwiko katikati ya sufuria na njia ikabaki kavu, nyama iko tayari.

Ikiwa nyama ni kavu, basi uliifunga ikiwa ya moto. Itandaze kwenye sinia ipoe kabisa. Baada ya hapo tazama kiasi: kijiko kimoja na nusu cha chakula kwa kila pai, kisizidi. Donge la ngano litakuvumilia ukilijaza mpaka lifure, hili halivumilii. Kingo zipake maji kwa kidole, zibane kwa uma, na pai ya oveni itoboe matundu mawili juu.

Wengine wananiuliza kuhusu nyama iliyoiva nje ndani ikawa nyekundu. Kwa pai hili lisitokee, kwa sababu nyama inaiva kabla ya kufungwa. Kama una kipimajoto, nyama ya kusaga ifike nyuzi 71. Na ikishaiva isikae mezani zaidi ya saa mbili, au saa moja joto la chumba likipita 32.

Chini mbichi, inanata kwenye meno

Kwanza oveni haijapata moto. Iwashe dakika 20 kabla, nyuzi 190, na pai zikae dakika 25 hadi 30 kwenye sinia jembamba la bati, raki ya chini. Jioni umeme ukiwa mdogo, oveni ya umeme inaweza kuonyesha 190 ikiwa na 150, kwa hiyo angalia rangi ya chini ya pai, usiangalie saa.

Kwa mkaa: sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, sinia ndani, mfuniko wa bati, makaa juu ya mfuniko yawe mengi kuliko ya chini. Ukipalia chini kupita kiasi utapata pai nyeusi chini na mbichi juu. Mlango uwe wazi, mkaa haupikiwi chumba kilichofungwa.

Pili, wanga umezidi. Kuna anayefurahia donge linalovutika akaongeza wanga mpaka ukalingana na mchele. Donge litasukumika kwa raha, lakini likiiva linakuwa kama gundi. Theluthi moja ya unga wote inatosha.

Wenye oveni ya gesi: ikiwa moto ni wa njano, unatoa masizi, au unazimika wenyewe, usiendelee kupika. Ukinusa gesi, funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima taa, toka nje. Mpira na unganisho la regyuleta unaweza kuupaka povu la sabuni uone kama linatoa mapovu, na hapo ndipo kazi yako inapoishia. Kufungua vichomeo au kubadilisha regyuleta ni kazi ya fundi wa gesi. Moto ukishika, Zimamoto ni 114.

Ganda jeupe, au gumu siku ya pili

Mchele haushiki rangi kama ngano. Paka yai lililopigwa na tone la maziwa, na weka nusu kijiko cha chai cha sukari kwenye donge. Ugumu wa kesho yake unaletwa na friji: wanga ulioiva hukakamaa haraka zaidi kwenye ubaridi wa friji kuliko mezani, ila nyama ndiyo hairuhusu kuacha mezani. Kwa hiyo gandisha pai zikiwa mbichi kwenye friza, uchome unazohitaji moja kwa moja bila kuziyeyusha, ukiongeza dakika kama nane. Zilizokwisha kuiva zipashe kwenye oveni au kaangoni, si kwenye maikrowevu.

Zinakunywa mafuta

Kwa wanaokaanga: mafuta hayajapata moto. Tumbukiza kijiti cha mbao. Vipovu vidogo vikikizunguka mfululizo, ndiyo nyuzi 170 hadi 180. Tia tatu tatu, si karai zima. Na mafuta yawe mapya. Sababu iko mbele.

Ladha chungu

Viungo vimeungua, mara nyingi binzari nyembamba. Ikaushe kwenye kaango moto mdogo, harufu ikipanda tu ondoa.

Kama uchungu uko kwenye ganda lenyewe na ulitia unga wa muhogo, tema na umwage pai zote. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri hubaki na sianidi, na kupika pai hakuiondoi ya kutosha. Unga wenye harufu ya uvundo au madoa ya ukungu nao umwage, usiuchekeche ukaokoa nusu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi, na sumu hiyo haifi kwa moto wa jikoni. Aliyekula akaanza kutapika, kizunguzungu au kichwa kuuma sana, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Pai nzuri, lakini mlaji anaumwa tumbo

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu kosa hili huwezi kuliona kwenye picha.

Miezi ya mwanzo yule mtoto alikuwa anakula pai zangu Jumamosi, Jumapili tumbo limejaa, anaharisha, hataki hata kucheza. Nilikagua kila pakiti. Nikabadilisha unga, nikabadilisha bucha. Siku moja jioni nilikuwa nakiosha kibao cha chapati alichoniachia mama yangu, mninga mzito uliopauka katikati. Nikachukua ncha ya kisu nikachokonoa mstari mmoja wa mbao. Ukatoka unga mweupe uliogandamana kama chokaa. Nikachokonoa mwingine, vilevile. Ngano ya miaka ilikuwa imelala mle, na kila Jumamosi nilikuwa nailowesha kwa donge la mchele na kumpa mtoto. Nilikaa chini nikalia. Kibao nilimpa jirani, nikanunua kingine ambacho hakijawahi kuguswa na ngano, na Jumapili zile hazikurudi.

Kwa hiyo anza na vitu vya mbao: kibao, mti wa kusukumia, mwiko, kinu. Kama vilishatumika kwa ngano, visitumike kwa mgonjwa, havisafishiki ndani. Chekecheke nalo liwe lake peke yake.

Pili ni mashine ya kusaga ya mtaani. Ile inayosaga mchele wako asubuhi imesaga unga wa lishe jana jioni, na lishe ya watu wengi ina ngano, nyingine na shayiri. Kumwambia kijana wa mashine apitishe kilo moja ya mahindi kwanza hakutoshi kwa mtu wa siliaki. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoitwa hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Nusu gramu tu ya unga wa ngano ikiingia kwenye kilo ya mchele, umeshavuka. Saga nyumbani.

Tatu, viungo. Vya kusagwa vya kupimiwa vinaweza kuwa vimeongezwa unga. Nunua punje Kariakoo au Kisutu: binzari nyembamba, giligilani, pilipili manga, iliki, mdalasini wa vijiti. Kwa nusu kilo ya nyama naweka kijiko cha chai cha kila kimoja kati ya viwili vya kwanza, nusu ya pilipili manga, iliki tatu, mdalasini kipande cha kidole, na kitunguu saumu na tangawizi mbichi. Hingi ya kopo mara nyingi imechanganywa na unga wa ngano, soma kopo. Viungo vya mchuzi vya pakiti, sosi ya soya, soseji na baadhi ya hamira za keki navyo soma. Suji ni ngano. Kimea kwenye vyakula vya pakiti mara nyingi ni cha shayiri.

Nne, mafuta. Yaliyokaanga mandazi au sambusa za manda yana ngano ndani yake, na moto hauiui, kwa kuwa gluteni si kijidudu.

Ukishakagua hayo manne na mtu bado anaumwa, acha kutafuta jikoni, nenda kwa daktari. Mtoto asiyekua, anayeharisha muda mrefu, au mwenye upungufu wa damu usiopona kwa dawa, aonwe na daktari wa tumbo. Na ninawasihi wazazi: msimwondolee mtoto ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu cha siliaki kinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza ukiwa bado unakula gluteni. Ukiiacha miezi kadhaa ndipo ukapima, jibu linaweza kuja safi wakati ugonjwa upo.

Midomo kuvimba, upele wa ghafla, au kupumua kwa shida baada ya kula si siliaki, huo ni mzio. Hapo usichanganye maji ya ndimu wala usisubiri ipite. Hospitali, mara moja.

Mchicha wa nazi umekatika tui

Pai hizi nazila na mchicha wa nazi, na malalamiko ni mawili tu. Tui kukatika kunatokana na kulitia tui la kwanza moto ukiwa mkali. Pika mchicha kwanza na kitunguu, karoti na tui la pili mpaka maji yapungue, punguza moto, ndipo utie tui zito huku ukikoroga upande mmoja, bila mfuniko, na uepue likianza tu kutokota. Ndimu ikamuliwe mezani. Kama limeshakatika, halina madhara, ni sura tu. Wala usitie unga kulishikisha kama wanavyofanya wengine, maana unga wenyewe huwa ni ule ule wa ngano.

Mchanga kwenye meno: umeosha mchicha ukiwa umeshakatwa. Uoshe ukiwa mzima, kwenye beseni la maji mengi, uinue majani kwa mikono ukiuacha mchanga chini. Usimwage maji na mboga kwa pamoja. Mara tatu, na mvua ikiwa imenyesha, mara nne.